Jiwe Lisilotajiwa Bei

Siku ya kumi na tisa, Mbaruku alipofungua kabati ili aliogeshe jiwe, alikuta bakuli la shaba lina kitambaa chekundu peke yake.

Alikiinua kitambaa akakikung'uta. Akapapasa nyuma ya vikombe. Akalala kifudifudi, akamulika uvungu wa kitanda kwa simu. Hakuna kitu. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika kopo la maji safi, na jani alilolichuma uani lilikuwa limemganda kidoleni.

"Hafidha!"

Mkewe alikuwa uani anapepeta choroko. Aliitika kwa sauti ndogo, sauti ya mtu anayejua anaitiwa nini.

"Jiwe la Mama Kokila liko wapi?"

"Si limo kabatini?"

"Hafidha, nitazame."

Hakumtazama. Aliendelea kupepeta ungo uliokuwa hauna makapi tena.

Jiwe lenyewe lilikuwa jeusi, laini, kubwa kama yai la bata, lina kitundu ubavuni. Ukimulika kwenye kile kitundu unaona mistari imejizungusha. Mwenyewe alikuwa Mama Kokila, mjane wa Kihindi wa miaka themanini na moja, mwenye duka la vitambaa pale Nachingwea. Wenzake wa dini yake walikwisha hama au kufa, akabaki yeye na jiwe lake na duka lililofunguliwa nusu mlango. Mbaruku alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka hilo. Miaka ishirini na saba alikanyaga cherehani pale, na hakuna siku aliyoombwa kodi.

Mama Kokila aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mtoto wa kaka yake, Nilesh, alikuja na gari kutoka Dar es Salaam. Walipomlaza kiti cha nyuma, yule bibi alikataa mlango ufungwe mpaka Mbaruku aitwe.

"Mbaruku, mchukue huyu," alisema, akamwekea jiwe viganjani. "Kila asubuhi mwogeshe kwa maji safi. Mpe jani moja la mtulasi. Mfunike. Basi."

Mtulasi ulikuwa mmea wake wa kwenye kopo, una harufu kama kivumbasi cha shambani, na Mbaruku aliuhamishia uani kwake.

"Mama, mimi Mwislamu," alisema Mbaruku.

"Najua. Miaka yote hiyo unaniacha na wateja unakwenda kuswali, sijui? Sikuombi umwabudu. Una wako wa kumwabudu. Nakuomba umwogeshe."

"Si uende naye?"

"Hospitali? Nitajisaidia kitandani, nimweke wapi? Au kwa huyu?" Akamnyooshea kidole Nilesh. "Huyu atamweka juu ya friji pamoja na mayai."

Nilesh alitazama saa yake. "Shangazi, jamani, hilo ni jiwe."

"Na wewe ni mifupa na nyama. Mbona nakuita kwa jina?"

Kisha alimshika Mbaruku mkono, akambana kwa nguvu ambazo Mbaruku hakutegemea kwa mgonjwa. "Sikiliza. Huyu hajachongwa na mtu. Ametoka mtoni, mto Gandaki, mbali huko Nepal. Mimi nilipewa na mama mkwe, mkononi. Yeye alipewa na mama mkwe wake, mkononi. Hanunuliwi. Hauzwi. Hatajiwi bei, hata kwa utani. Anayemtajia bei amemtukana."

Jioni ile Mbaruku alimwendea Shehe Harithi, kwa kuwa moyo haukutulia.

"Umeambiwa ulisujudie?" shehe aliuliza.

"Hapana."

"Umeambiwa uliombe?"

"Hapana. Nilimwagie maji."

"Kalimwagie maji. Amana hiyo."

Basi akalimwagia maji. Watu walicheka, acha wacheke. Hemedy, fundi viatu waliyekaa naye barazani, alimwita Baba Jiwe mbele ya wateja. Hata Hafidha alikuwa na lake. Bomba lilikuwa mbali na yeye ndiye aliyebeba dumu kichwani. "Miaka ishirini na sita mimi mkeo," alimwambia, "hujawahi kunimwagia hata kata moja mgongoni. Leo jiwe linaoga kabla yangu."

Lakini ule ulikuwa utani. Hili la leo halikuwa utani.

"Halfani alikuja jana," Hafidha alisema mwishowe. Halfani alikuwa mdogo wake, dalali wa mawe ya vito huko Ruangwa. "Amelichukua kulipima tu. Alisema jioni atalirudisha."

"Kulipima nini?"

"Alisema... alisema Mhindi hawezi kuosha kitu kila siku kama hakina bei. Wanajua mahesabu wale."

"Na wewe ukampa."

"Nyumba tumeezeka nusu, Mbaruku!" Aliutupa ungo, choroko zikamwagika. "Nusu bati, nusu nyasi, mwaka wa nne. Nikasema basi apime, pengine mwenyewe hata hajui ana nini. Sikusema auze. Wallahi sikusema auze."

Mbaruku aliliweka lile kopo la maji chini polepole. Ishirini na saba. Miaka ishirini na saba ya baraza la bure, na mtu huyo alipoomba kitu kimoja tu, kitu cha kopo la maji na jani, hakikumaliza hata mwezi.

Akavaa kofia, akatoka.

* * *

Halfani hakupokea simu. Saa tatu asubuhi Mbaruku alishuka Ruangwa, akauliza walipo madalali, akaelekezwa nyuma ya soko. Walikuwa na meza zao pembeni mwa mtaro, kila meza na mwavuli, mizani ndogo na tochi. Halfani alikuwa kwenye meza ya tatu, anakunywa chai na bosi wake aliyeitwa Jastin.

"Shemeji!" Halfani alisimama, chai ikammwagikia. "Mbona asubuhi hivi? Kaa, unywe chai."

"Liko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Halfani, liko wapi?"

Jastin alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, mwenye saa ya rangi ya dhahabu. Hakusimama wala kutoa salamu. Alivuta mfuko wa nailoni kutoka chini ya meza, akaumimina mezani. Vikatoka vipande viwili.

Lilikuwa limekatwa katikati kama kiazi. Msumeno ulikuwa umelilainisha ndani, na pale katikati ilionekana ile mistari yote, imejizungusha, inazidi kuwa midogo mpaka jicho linashindwa kuifuata.

"Tulidhani ndani mna kitu," alisema Jastin. "Konokono tu. Konokono aliyeganda. Umeme wangu umekwenda bure."

Madalali wa meza za jirani walicheka. Mmoja alisema, "Wahindi bwana! Kumbe wanaogesha konokono."

Mbaruku alivua kofia, akaishika kifuani kama mtu aliyefika msibani. Alinyoosha mkono avichukue. Jastin akavivuta upande wake.

"Taratibu, mzee. Umetoka Nachingwea kumfuata konokono?"

"Nimetoka Nachingwea kufuata mali ya mwenzio."

"Basi ina kitu." Jastin alimkonyeza Halfani. "Laki na nusu."

Dakika moja nyuma lilikuwa takataka. Limekatwa, limechekwa, limemiminwa kama mabaki ya chakula. Alipotokea mtu mwenye uchungu nalo, likapanda bei. Si jiwe lililopandishwa bei pale, ni uchungu wa mtu. Na wapo watu wanaokula kwa kazi hiyo, wanavaa saa kwa kazi hiyo, na jioni wanalala usingizi.

"Lipa yaishe, shemeji," Halfani alinong'ona. "Hela ya vitambaa si unayo? Mimi nitakurudishia taratibu."

Hela alikuwa nayo. Laki moja na elfu sitini, mfuko wa ndani, aliyopewa na wazazi wa wanafunzi anunue vitambaa vya sare za shule. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukazigusa noti. Angelipa, angechukua vipande vyake, angekuwa nyumbani kabla ya adhuhuri. Nani angejua?

Ila neno la yule bibi lilikuwa limemkaa kichwani. Hanunuliwi. Huyu wa saa ya dhahabu alikwisha mtukana. Yeye akitoa hela watakuwa wawili.

Akautoa mkono mfukoni mtupu.

"Sinunui," alisema.

"Basi mwache konokono apumzike."

* * *

Kwenye kibanda cha bati mwisho wa zile meza alikaa katibu wa madalali, mwanamke aliyeitwa Beatrisi, mwenye daftari kubwa la malalamiko. Alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akapiga mistari kwa rula.

"Jina, baba?"

"Mbaruku."

"Mali inayolalamikiwa?"

"Jiwe."

"Aina ya jiwe?"

"La ibada. La Mhindi."

Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea. "Thamani?"

"Halina."

"Halina thamani?"

"Halitajiwi."

Beatrisi aliiweka kalamu chini. "Baba, hapa pasipoandikwa namba shauri halisomwi. Wazee wataniuliza, tunasuluhisha nini? Weka hata elfu kumi, twende."

"Nikiweka elfu kumi nitakuwa nimeliuza."

"Ni karatasi tu, baba."

"Kwenu ni karatasi."

Katibu alivuta pumzi kwa uchovu. Shingoni alikuwa na rozari ya shanga za bluu, na Mbaruku aliitazama mpaka mwenyewe akaishika.

"Dada yangu, ukiibiwa hiyo, utaandika ngapi?"

"Hii? Hii nimepewa siku ya kipaimara. Imebarikiwa."

"Najua imebarikiwa. Ngapi?"

Beatrisi aliigeuzageuza rozari kidoleni. "Dukani ni elfu mbili," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekosewa adabu na asijue nani kamkosea, "Lakini si ya elfu mbili."

"Basi umenielewa."

Beatrisi alilifunga daftari. Alichungulia nje kwenye zile meza, akasogeza kiti karibu.

"Kwa daftari siwezi kukusaidia. Ila nikuulize. Jiwe lilipokatwa, wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Mwenyewe je?"

"Yuko hospitali, Dar."

"Hukusema hilo pale mezani?"

"Sijaulizwa."

"Hapa kwetu, baba, jiwe halikatwi mwenyewe hayupo. Wachimbaji wanajua kitu kimoja, mashine ikiguswa nyuma ya mgongo wao wameibiwa. Hilo usiniambie mimi." Alifungua daftari ukurasa mwingine, akajifanya anasoma. "Kawaambie wao. Na mimi sijakwambia kitu."

* * *

Mbaruku alirudi meza ya tatu. Alichukua kreti tupu la soda, akaligeuza, akakaa pembeni mwa meza ya Jastin, juani, nje ya kivuli cha mwavuli. Jastin alidhani amekuja kupatana bei.

"Laki na ishirini, mzee. Kwa ajili ya shemejio."

Mbaruku alitazama njia. Alikuja mchimbaji wa kwanza, kijana aliyejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, ana kijiwe amekifunga kwenye kona ya shati. Kabla hajafungua, Mbaruku alimsalimia.

"Habari za kazi, mwanangu. Unaviona vile vipande? Ni jiwe la bibi mmoja mgonjwa, yuko hospitali. Lilikuwa zima jana. Limekatwa hapa mwenyewe hayupo."

Kijana alivitazama vile vipande. Akamtazama Jastin. "Kweli, bosi?"

"Msikilize mwendawazimu huyo. Lete mzigo nione."

"Nimeuliza kama kweli."

"Si jiwe hilo! Konokono!"

"Lakini mwenyewe alikuwepo?"

Jastin alicheka. Kijana hakucheka. Alikaza lile fundo kwenye shati, akaenda meza ya tano.

Wa pili alikuwa mzee, akasikiliza, akatema mate mtaroni na kuondoka. Wa tatu na wa nne walikuja pamoja. Mbaruku aliwaambia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kama mtu anayepiga mshono mmoja katika sare arobaini. Hakutukana. Hakuongeza chumvi. Limekatwa mwenyewe hayupo. Jua lilimchoma utosi kupitia kofia. Adhuhuri alikwenda kuswali, na alipotoka msikitini alilikuta kreti lake mtaroni. Akaliokota, akalifuta, akakaa tena.

"Nitakuitia mgambo," Jastin alimwambia.

"Waite. Nao niwasimulie."

"Shemeji, unatuaibisha," Halfani alisema. Jasho lilimtoka. "Unanimwagia unga. Nina watoto."

"Yule bibi unamjua, Halfani. Kanzu yako ya harusi niliishona barazani kwake, na kitambaa alikupa yeye. Ulilipa ngapi?"

Halfani aliigeukia meza, akachukua tochi.

"Nimekuuliza, ulilipa ngapi?"

"Hakutaka hela."

"Hakutaka hela. Ukaona Mhindi anajua mahesabu."

Halfani aliinamisha kichwa akawa anachezea swichi ya tochi, anaiwasha na kuizima mchana kweupe.

Kufikia alasiri meza ya tatu haikuwa imepima jiwe hata moja. Meza ya tano ilikuwa na foleni. Wale waliocheka asubuhi walikuwa sasa wanakaza nyuso, kila mmoja akimweleza mteja wake kwamba kwake yeye, asilani, mashine haiguswi bila mwenyewe. Beatrisi alipita mara mbili, daftari kwapani, hakumtazama mtu.

Jastin alivumilia mpaka aliposikia mchimbaji mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akimwita mwizi kwa jina lake kamili. Hapo akasimama, akavizoa vile vipande, akavirusha. Kimoja kiligonga kreti. Cha pili kikaangukia mtaroni kwenye maji machafu ya soko.

"Chukua takataka yako! Chukua uondoke! Sitaki hata senti yako!"

Halfani aliinama upesi aokote, Mbaruku akamzuia kwa mguu.

"Usiguse," alisema. Hakunyanyuka kwenye kreti. "Aliyetupa ataokota."

"Nini?"

"Sikutupiwa mimi lile jiwe. Nilipewa mkononi. Okota, unipe mkononi."

"Mzee, usinijaribu."

"Okota."

Labda kama wangekuwa wawili tu, Jastin angempiga. Alikuwa na mwili wa kumpiga. Lakini wachimbaji walikuwa wamesimama wengi, mikono imekunjwa, na katika ile kazi mtu akiharibikiwa jina hata mizani yake haiaminiki. Aliinama. Aliokota kipande cha kwanza vumbini. Kwa kile cha pili ilibidi apige goti, aingize mkono mtaroni mpaka kwenye ile saa.

"Kisuuze," alisema Mbaruku.

"Mungu wangu!"

"Kina maganda ya nyanya. Kisuuze."

Jastin alifungua chupa yake ya maji ya kunywa. Alimimina juu ya vipande vyote viwili, akavisugua kwa kidole gumba, kimoja baada ya kingine, mpaka vikang'aa. Akanyoosha mkono.

"Wa kulia," alisema Mbaruku.

Jastin akabadilisha mkono.

Mbaruku alivipokea kwa viganja viwili. Akavifunga ndani ya kofia, akaenda stendi kichwa wazi. Halfani alimfuata nyuma hatua kumi, anaita shemeji, shemeji, na Mbaruku hakugeuka.

* * *

Alipofika nyumbani alivitoa vile vipande kwenye kofia, akaviweka mezani. Hafidha aliviona, akakaa chini palepale kwenye sakafu, khanga mdomoni.

"Asubuhi niletee maji makopo mawili," Mbaruku alisema.

Kwa wiki tano zilizofuata Hafidha alileta makopo mawili. Hakufanya utani tena. Mara moja tu Mbaruku alimkuta amechuma majani mawili ya mtulasi, ameyapanga pembeni mwa bakuli bila kuambiwa. Halfani alituma ujumbe wa kuomba msamaha, kisha akatuma mwingine wa kuomba nauli ya kuja kuomba msamaha. Hakujibiwa.

Kila Ijumaa Mama Kokila alipiga simu.

"Ameoga?"

"Ameoga, Mama."

"Umempa jani?"

"Nimempa."

Hakusema uongo. Lakini kila alipokata simu alihisi kama mtu aliyeshona koti zuri juu ya bitana iliyochanika. Alijiambia, jambo hili si la kusemwa kwenye simu. Akajiambia hivyo Ijumaa tano, na kila Ijumaa aliliamini kidogo zaidi, jambo lililomchukiza.

Mama Kokila alirudi siku ya Jumamosi, kakonda, anatembea kwa fremu ya chuma. Nilesh alimshusha kwenye gari, akamkalisha barazani kwenye kiti cha plastiki kati ya cherehani ya Mbaruku na kibao cha Hemedy. Hata chai alikuwa hajaletewa.

"Mlete," alisema.

Mbaruku alikuwa amekuja nalo tangu alfajiri, ndani ya bakuli, kwenye droo ya cherehani. Aliliweka bakuli magotini pa yule bibi. Mama Kokila akafunua kitambaa chekundu.

Hakupiga kelele. Alikichukua kipande kimoja akakigeuza, akatazama ile mistari iliyojizungusha. Akagusa pale msumeno ulipopita.

"Nani?"

Mbaruku alimwambia. Alimwambia yote, akiwa amesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Hakumficha mkewe. Hakumficha shemeji yake. Alisema na zile Ijumaa tano.

"Walimtajia bei?" Mama Kokila aliuliza.

Mbaruku alitegemea maswali yote isipokuwa hilo. "Walimtajia."

"Ngapi?"

"Laki na nusu."

"Laki na nusu!" Sasa sauti yake ilipanda mpaka wapita njia wakageuka. "Miaka sitini na mbili naamka kabla ya jua kumwogesha! Nimemsindikiza mume wangu kwenye moto huyu yuko kifuani pangu! Laki na nusu! Kama jozi ya viatu!" Alipiga fremu yake ya chuma sakafuni. "Na wewe? Mbaruku, nijibu vizuri. Wewe ulilipa?"

"Sikulipa, Mama."

"Hukulipa?"

"Hata mia. Nilikaa pale mpaka akanipa mkononi. Mkono wa kulia."

Mama Kokila alivipanga vipande viwili kwenye bakuli, ubavu kwa ubavu.

"Sanamu iliyochongwa ikivunjika tunaipeleka mtoni, tunaiaga," alisema. "Huyu hakuchongwa. Hata kipande kinaogeshwa." Akajifuta pua kwa ncha ya sari. "Lakini angenunuliwa, Mbaruku... angenunuliwa ningemwona kama sahani ya dukani."

Nilesh alikuwa amesikiliza yote, ameegemea gari. Alikuja karibu, uso una huruma kweli, akatoa pochi. "Bwana Mbaruku, umeteseka sana. Nauli, siku ya kazi, usumbufu. Niambie tu, tuseme laki mbili?"

Mbaruku alimgeukia. Ile hasira ya Ruangwa, ambayo siku ile hakuipandishia sauti, ilimtoka sasa.

"Rudisha hizo! Nimekaa juani toka asubuhi mpaka alasiri na hela mfukoni ili nisinunue. Wewe unakuja kuninunua hapa kivulini?"

"Sikuwa na maana hiyo, bwana, ni shukrani tu..."

Mama Kokila alisema maneno matatu ya Kigujarati. Mbaruku hakuyajua, lakini pochi ilirudi mfukoni upesi kama iliyoungua.

"Maji," Mama Kokila alisema. "Nani ataniletea maji?"

Hafidha alikuwa amesimama kwenye kona ya duka muda wote huo, hakuthubutu kusogea. Alikuja na makopo yake mawili, akapiga goti, akayaweka miguuni pa yule bibi, akabaki ameinama. Mama Kokila hakumwambia amesamehewa. Alimwambia, "Mimina polepole," akaviinua vile vipande kwa mikono yote miwili juu ya bakuli.

Mbaruku alirudi kwenye kiti chake. Sare zilikuwa zimechelewa na wazazi walikwisha anza kulalamika. Hemedy alisubiri mpaka Nilesh alipoingia ndani, akasogeza kibao chake, sindano ya viatu mdomoni.

"Baba Jiwe," alinong'ona. "Mwisho wake amekupa ngapi?"

Mbaruku aliweka shati la mtoto wa watu chini ya sindano. Akakanyaga pedali kwa nguvu, mpaka misumari ya Hemedy ikarukaruka ndani ya kopo lake na baraza zima pakawa hapasikiki kitu kingine.